Julius Maggi: Mwenye kinu aliyetaka kulisha wafanyakazi maharagi, dunia ikabaki na ladha

BUNIA, ITURI – Jina lake linatajwa kila siku katika masoko ya Bunia, na wengi wanaolitaja hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Mama anayepika sombe anaomba magi. Mtoto anatumwa butiki alete magi mbili. Mara nyingine muuzaji anatoa kipande chenye jina la kampuni nyingine kabisa, na hakuna anayelalamika. Magi imekuwa jina la kitu, kama sukari au chumvi.

Mtu huyo aliitwa Julius Maggi. Alizaliwa Uswisi mwaka 1846 na kufariki mwaka 1912. Hakuwa mpishi wala mwanasayansi. Alikuwa mwenye kinu cha kusaga unga ambaye biashara yake ilikuwa inaanguka.

Ladha aliyoitafuta zaidi ya miaka 130 iliyopita ndiyo iliyo leo ndani ya kile kikaratasi kidogo cha unga kinachofungwa pamoja na tambi za haraka, zile zenye ladha ya nyama ya ng'ombe zinazotengenezwa Vietnam, Indonesia na nchi nyingine nyingi, na ambazo huiva kwa dakika tatu. Anayemwaga maji ya moto juu yake anasikia harufu ya supu ya nyama. Akitafuta nyama yenyewe kwa kijiko, mara nyingi haioni.

Lakini Maggi hakuanza na ladha. Alianza na maharagi. Alitaka wafanyakazi masikini wapate chakula cha kujenga mwili, cha bei ndogo, kinachoiva haraka. Watu walichukua ladha aliyoweka ndani, wakaacha maharagi. Kwa jimbo kama Ituri, ambako wengi wamekimbia mashamba yao na nyama imekuwa chakula cha siku kubwa tu kwa familia nyingi, maisha ya mtu huyu yana jambo la kufundisha.

Mtoto wa mhamiaji

Julius Maggi alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1846 katika mji mdogo wa Frauenfeld, kaskazini-mashariki mwa Uswisi. Baba yake, Michael Maggi, alikuwa mhamiaji aliyetoka Lombardia, kaskazini mwa Italia. Alifika Uswisi, akafanya kazi ya kusaga nafaka, akatajirika na kupata uraia wa nchi hiyo. Mama yake, Sophie Esslinger, alikuwa Mswisi.

Kijana Julius hakuwa mwanafunzi mtulivu. Alipitia shule mbalimbali, kisha akatumwa mjini Basel kujifunza kazi ya biashara, lakini hakuimaliza. Mwaka 1867 alikwenda Budapest, nchini Hungaria, na huko mambo yakabadilika. Wakati huo Budapest ilikuwa kati ya miji mikubwa ya Ulaya kwa kazi ya kusaga ngano. Vinu vyake viliendeshwa kwa mvuke, si kwa maji ya mto kama vile vya baba yake. Kwa miaka miwili hivi kijana huyo aliona jinsi kiwanda kikubwa kinavyopangwa, akapanda hadi kuwa msaidizi wa mkurugenzi.

Mwaka 1869 alirudi nyumbani. Baba yake alimkabidhi kinu kilichoitwa Hammermühle, katika kijiji cha Kemptthal, karibu na mji wa Winterthur. Alikuwa na miaka 23 tu.

Unga kutoka mbali

Furaha haikudumu. Reli zilikuwa zimeunganisha nchi za Ulaya, na meli za mvuke zilikuwa zinaleta ngano ya Marekani kwa bei ndogo sana. Unga mweupe wa Hungaria nao uliingia Uswisi. Wenye vinu wadogo wa Uswisi hawakuweza kushindana na bei hizo, na wengi wakafunga.

Hali hiyo haihitaji maelezo marefu kwa wakaaji wa Bunia. Mkulima wa hapa anajua maana ya kuona bidhaa ya mbali, iliyopitia Mahagi au Aru, ikiuzwa sokoni kwa bei ambayo yeye hawezi kuifikia.

Maggi alijua kwamba akiendelea kusaga ngano kama wengine, atafunga kama wengine. Alihitaji kitu kipya cha kupitisha katika mawe ya kinu chake. Jibu lilitoka kwa daktari mmoja aliyekuwa anazunguka katika viwanda.

Daktari aliyetazama sahani za wafanyakazi

Mwaka 1877 Uswisi ilipitisha sheria ya viwanda iliyoweka mwisho wa saa 11 za kazi kwa siku. Ili sheria ifuatwe, serikali iliteua wakaguzi. Mmoja wao alikuwa Fridolin Schuler, daktari kutoka jimbo la Glarus, sehemu yenye viwanda vingi vya nguo.

Schuler hakutazama mashini peke yake. Alitazama pia watu walikula nini. Aliona wanawake wakifanya kazi saa nyingi kiwandani sawa na wanaume, kisha wakirudi nyumbani bila muda wa kupika. Familia zilijaza tumbo kwa viazi, mkate na kahawa nyepesi, na wanaume wengi waliongeza pombe kali. Nyama ilikuwa ghali. Watoto walikuwa dhaifu na magonjwa yalikuwa mengi.

Mwaka 1882 Schuler alieleza jambo hilo mbele ya chama cha Uswisi kilichoshughulikia ustawi wa watu wote. Pendekezo lake lilikuwa rahisi: maharagi, njegere na dengu. Vyakula hivyo vina protini nyingi, yaani kile kinachojenga mwili, na bei yake ni ndogo kuliko nyama. Shida ilikuwa moja. Maharagi yanachukua muda mrefu kuiva, yanakula kuni na makala, na mama aliyetoka kiwandani jioni hana muda huo. Kwa hiyo alihitajika mtu wa kuyatengeneza kiwandani ili yafike nyumbani yakiwa karibu kuiva.

Chama kilitafuta mtu wa kazi hiyo. Maggi, mwenye kinu kinachokufa, aliikubali.

Maharagi yasiyopendwa

Kwa karibu miaka miwili alifanya majaribio huko Kemptthal. Kusaga maharagi makavu peke yake hakutoshi, kwani unga mbichi wa maharagi una harufu nzito, unasumbua tumbo na bado unahitaji moto mwingi. Ilibidi kwanza maharagi yapitishwe kwenye joto, yakaushwe, kisha yasagwe laini.

Mwaka 1884 unga wake wa maharagi na njegere uliingia sokoni. Chama kile kiliupendekeza kwa wananchi.

Lakini wafanyakazi ambao unga ulitengenezwa kwa ajili yao hawakuupenda. Ulikuwa chakula kizuri kwa daktari na kwa mwenye kiwanda, si kwa mlaji. Haukuwa na ladha. Mtu aliyechoka baada ya saa 11 za kazi alitaka kitu kinachomfurahisha, hata kama hakimjengi mwili.

Hapo Maggi alielewa jambo ambalo wengi wanaogawa chakula cha msaada hulielewa wakiwa wamechelewa: masikini pia ana ulimi. Chakula ambacho hakina ladha kitabaki kwenye gunia, hata kama kina afya kiasi gani.

Ladha ya nyama bila nyama

Ulaya ya wakati huo ilikuwa tayari inajua kitu kimoja chenye ladha kubwa ya nyama. Mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig, aliyezaliwa mwaka 1803, alikuwa ameeleza namna ya kuchemsha nyama ya ng'ombe na kuipunguza hadi ibaki uji mzito mweusi. Mwaka 1865 kampuni yenye jina lake ilianza kuutengeneza kwa wingi huko Fray Bentos, nchini Uruguay, ambako ng'ombe walikuwa wengi na walichinjwa hasa kwa ajili ya ngozi. Ili kupata kilo 1 ya uji huo, zilihitajika karibu kilo 30 za nyama. Kwa hiyo hata huko bei haikuwa ya masikini.

Maggi alipita njia nyingine. Alichukua protini ya mimea, akaichemsha pamoja na asidi, kisha akaondoa ukali wa asidi hiyo kwa soda. Kazi hiyo inavunja protini vipande vidogo sana, na inaacha chumvi ndani yake. Kinachobaki ni maji meusi yenye ladha ya supu ya nyama iliyochemka siku nzima, na hakuna ng'ombe aliyechinjwa.

Sababu yake ilieleweka vizuri baadaye. Mwaka 1908 profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo, Japani, aligundua kwamba ladha hiyo inatoka kwenye kitu kinachoitwa glutamati, ambacho yeye alikitoa kwenye majani ya baharini. Kitu hicho kimo pia ndani ya nyama, tomati zilizoiva na samaki waliokaushwa. Ndiyo maana mama wa Bunia anayeweka samaki wadogo wakavu wa Ziwa Albert ndani ya mboga anapata ladha nzito bila kununua kitu chochote cha kiwandani.

Mwaka 1886 Maggi alileta sokoni vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa supu za unga wa maharagi na njegere, zikiwa tayari zimechanganywa na mafuta, chumvi na viungo. Mpishi aliongeza maji tu na kuweka motoni kwa muda mfupi. Cha pili kilikuwa yale maji meusi ya ladha, yaliyotiwa ndani ya chupa ndogo.

Chupa, rangi na mwandishi kijana

Chupa hiyo alichora umbo lake mwenyewe, na kibandiko chake kilikuwa cha manjano na nyekundu. Zaidi ya miaka 130 imepita, na rangi hizo hazijabadilika. Ndizo zile zile zinazoonekana leo kwenye vibanda vya Bunia.

Maggi alikuwa kati ya wafanyabiashara wa kwanza kuelewa nguvu ya matangazo. Alijaza vituo vya reli na kuta za maduka kwa vibao vyenye jina lake. Mwaka 1886 aliajiri kijana wa miaka 22, Frank Wedekind, aandike maneno ya kusifu supu zake. Wedekind aliifanya kazi hiyo kwa miezi michache, hasa kwa sababu alihitaji pesa, kisha akaondoka mwaka 1887. Baadaye alikuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa michezo ya kuigiza kwa lugha ya Kijerumani.

Jina la Maggi liliingia hadi ndani ya lugha. Wajerumani wana jani moja la bustani lenye harufu inayofanana na ile ya chupa yake, na mpaka leo wengi huliita jani la Maggi. Jani hilo halimo ndani ya chupa. Harufu tu ndiyo iliyowaunganisha.

Mwaka 1887, ili kupunguza ushuru wa mpakani, alifungua sehemu ndogo ya kujaza chupa katika mji wa Singen, upande wa Ujerumani, ikiwa na wafanyakazi wachache tu. Sehemu hiyo ilikua hadi ikawa kiwanda kikubwa. Mwaka 1890 biashara yake iligeuzwa kampuni ya wanahisa, naye akabaki mkurugenzi wake mkuu. Matawi yalifunguliwa Ujerumani, Austria na Ufaransa. Kuzunguka Kemptthal kampuni ilinunua mashamba ya kulima mboga zake yenyewe.

Kwa wafanyakazi wake, Maggi alikuwa bwana mkali lakini hakusahau alikotoka wazo lake. Kampuni ilijenga nyumba za wafanyakazi, ikaweka mahali pa kula kiwandani na mfuko wa kusaidia wagonjwa, wakati ambapo viwanda vingi vya Ulaya havikuwa na mambo hayo.

Kipande cha mwaka 1908

Chupa ilikuwa nzuri, lakini chupa inavunjika na inahitaji pesa ya kununua nzima. Mwaka 1908 kampuni yake ilileta kipande kidogo kikavu cha supu, kinachouzwa kimoja kimoja. Nchini Ufaransa kiliitwa Kub na kiliuzwa kwa santimu 10.

Uamuzi huo wa kuuza kidogo kidogo ndio uliofungua milango ya nyumba za masikini kuliko kitu kingine chochote alichofanya. Mtu asiyeweza kununua kilo ya nyama aliweza kununua ladha yake kwa pesa ndogo kabisa iliyokuwa mfukoni. Miaka miwili baadaye, mwaka 1910, kampuni ya Liebig nayo ililazimika kuleta kipande chake, kilichoitwa OXO.

Matangazo ya Kub yalienea Ufaransa mpaka mchoraji Pablo Picasso aliyaingiza katika picha aliyoichora mwaka 1912.

Hata hivyo kipande hicho hakikuwa na maharagi. Unga wa mwaka 1884 uliotengenezwa ili kujenga mwili wa mfanyakazi ulikuwa umesukumwa pembeni. Kilichobaki ni chumvi, mafuta kidogo, viungo na ile ladha. Kitu kilichozaliwa ili kusindikiza chakula kilikuwa kimechukua nafasi ya mbele.

Maziwa ya Paris na uvumi wa vita

Tangu mwanzo wa karne ya 20 Maggi aliishi zaidi Paris. Huko alirudi kwenye wazo lake la kwanza, afya ya masikini, lakini kwa njia ya maziwa. Maziwa machafu yalikuwa yanaua watoto wengi katika miji ya Ulaya. Alianzisha kampuni ya kuuza maziwa yaliyopitishwa kwenye joto ili kuua vijidudu, na maduka yake yalienea katika mji huo mkubwa.

Mafanikio hayo yalimletea maadui. Wauza maziwa wengine walimwona kama mgeni aliyekuja kuwanyang'anya soko. Gazeti la kundi la siasa kali, likiongozwa na mwandishi Léon Daudet, lilianza kueneza habari kwamba kampuni ya Maggi ni jeshi la wapelelezi wa Ujerumani.

Maggi hakuishi kuona mwisho wa maneno hayo. Mwaka 1912 alipatwa na ugonjwa wa kupooza akiwa Paris, akarudishwa Uswisi, na tarehe 19 Oktoba alifariki katika mji wa Küsnacht, kando ya Ziwa la Zürich. Alikuwa ametimiza miaka 66 siku 10 tu kabla.

Mwezi wa Agosti 1914, Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, uvumi uligeuka moto. Makundi ya watu yalivunja na kupora maduka ya maziwa ya Maggi mjini Paris. Vibao vya Kub kando ya barabara vilibomolewa, kwa kuwa watu waliamini vina alama za siri za kuongoza jeshi la Ujerumani. Kampuni ilikuwa ya Uswisi, nchi isiyokuwa vitani. Lakini uvumi haukuuliza pasipoti. Ituri, ambako uvumi umechoma nyumba na kufukuza hata waganga wakati wa Ebola, inaelewa vizuri jambo la namna hiyo.

Kutoka kipande hadi tambi

Kampuni ilipona baada ya vita. Mwaka 1947 iliungana na Nestlé, kampuni nyingine kubwa ya Uswisi, na kupitia hapo vipande vya magi vilienea zaidi Afrika, Asia na Amerika ya Kusini.

Tarehe 25 Agosti 1958, nchini Japani, Momofuku Ando, mfanyabiashara aliyezaliwa Taiwan na aliyekuwa amefilisika, alileta sokoni tambi za kwanza za haraka zilizofanikiwa. Alizikaanga kwenye mafuta ya moto ili maji yote yatoke na zibaki na vitundu vidogo. Ukimwaga maji ya moto, yanaingia katika vitundu hivyo na tambi inalainika mara moja. Lakini tambi tupu haina ladha. Kilichoifanya ipendwe ni ile supu kavu, na hapo kazi ya Maggi, Liebig na Ikeda ilikutana ndani ya bakuli moja. Mwaka 1983 jina la Maggi lenyewe liliwekwa kwenye tambi za dakika mbili nchini India.

Leo tambi hizi zinaliwa dunia nzima. Kwa hesabu za shirika la dunia la watengenezaji wa tambi za haraka, mwaka 2023 zaidi ya vifurushi bilioni 120 viliuzwa. Vietnam ndiyo nchi inayoongoza kwa hesabu ya kila mtu, ambako mkaaji mmoja anakula zaidi ya vifurushi 80 kwa mwaka.

Wavietnam wana historia yao na ladha hii. Wakati wa ukoloni wa Wafaransa ile chupa ya Maggi iliingia katika jikoni zao, na mpaka leo wanaimwaga juu ya mayai na mkate. Wana pia supu yao ya asili ya nyama ya ng'ombe, inayochemshwa saa nyingi pamoja na mifupa, tangawizi, kitunguu na mdalasini. Kikaratasi cha ladha ya ng'ombe ndani ya tambi zao kinajaribu kufuata supu hiyo kwa dakika tatu.

Lakini Mvietnam anayejua kula haishii kwenye kikaratasi. Kwenye vibanda vya barabarani, muuzaji huongeza juu ya tambi yai, vipande vyembamba vya nyama, majani mabichi, ndimu na pilipili. Mara nyingi huongeza pia miche ya choroko, ambayo ni jamii ya maharagi. Hivyo yale maharagi ambayo Maggi alishindwa kuwalisha wafanyakazi wa Glarus yamerudi kwenye bakuli kwa mlango wa nyuma.

Somo kwa sahani ya Bunia

Kwa mwanafunzi wa Bunia au mwendesha taximoto anayerudi usiku, kifurushi cha tambi kina faida za kweli. Kinahitaji makala kidogo, hakiozi, na kinatuliza njaa. Lakini kikiliwa peke yake, kinampa mtu unga, mafuta na chumvi, na protini kidogo tu. Kipande cha magi nacho, mara nyingi zaidi ya nusu ya uzito wake ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kwa sababu chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Anayeweka nusu ya kikaratasi anaendelea kupata ladha na anapunguza chumvi.

Vya kuongeza juu vipo sokoni. Yai moja linatosha kubadilisha bakuli. Lenga-lenga zilizokatwa laini huiva ndani ya maji yale yale ya tambi. Samaki wadogo wakavu huleta protini na ladha pamoja. Tomati na kitunguu vilivyokaangwa kidogo kwenye mafuta ya mawese hupunguza haja ya kikaratasi. Na maharagi yaliyobaki jana, kijiko kikubwa kimoja au viwili, yanafanya kile Schuler alichopendekeza mwaka 1882.

Shida aliyoiona daktari huyo bado ipo hapa. Milima ya Djugu inajulikana kwa maharagi, lakini wakulima wake wengi wamekimbia vita, na baadhi yao wanaishi chini ya mahema katika kambi kama Kigonze, hapa mjini Bunia. Hata anayepata maharagi anakutana na bei ya makala, kwa sababu sufuria ya maharagi inakaa motoni saa nyingi. Kuyaloweka usiku mzima hupunguza muda huo sana, na maji hayagharimu kama makala.

Njia nyingine ni ile ya Kemptthal yenyewe. Mashariki mwa Kongo akina mama wanaijua kwa jina la masoso, unga wa mahindi, soya na mtama unaopikwa uji kwa ajili ya watoto waliodhoofika. Soya hukaangwa kwanza, kisha husagwa, na uji huiva kwa muda mfupi. Ni kazi ile ile ambayo Julius Maggi aliifanya mwaka 1884 kabla ya kuingia kwenye biashara ya ladha, na mashini za kusaga za Bunia zinaweza kuifanya bila kusubiri kifurushi kutoka ng'ambo.